Kibanda cha Mabua

Hadithi inapiga hodi, mwenye masikio aikaribishe.

Zimwi Mama Funza na wanawe waliuvamia mtama wa Syombua. Mwaka wa kwanza walikula majani, wa pili wakatoboa mabua, wa tatu wakamaliza masuke, na mtoto wa Syombua akafa kwa njaa.

Syombua hakulia. Aliwanyemelea akaona wanakolala kiangazi: ndani ya mabua makavu ambayo kila mtu huyaacha shambani. Akayang'oa yote, akayajenga kibanda.

"Karibuni mlale, dada," akamwambia Mama Funza.

Walipolala fofofo, akakitia moto.

"Syombua, wanangu wanaungua!"

"Mimi nilikuwa na mmoja tu," akajibu, akiongeza kuni.

Tangu hapo mabua ya mtama huchomwa baada ya mavuno. Hadithi nimeiacha jivuni.