Mnara wa Mawe ya Barafu

Wewe uliyekaa kiti cha mbele, umewahi kuchimba ziwa? Hujawahi. Basi nyamaza kidogo, usikie habari za mtu aliyejiandika jina juu ya ziwa ambalo hakulichimba.

Kulikuwa na barafu juu ya mlima mmoja. Ilishuka polepole, hata kobe angeichoka, ikiburuta mawe tumboni, ikikwangua mwamba kama mama anavyokwangua ukoko wa sufuria. Maelfu ya miaka! Ilipoyeyuka na kurudi juu, iliacha shimo refu, na mdomoni mwa shimo tuta la mawe iliyoyaburuta. Vijito vikaingia, tuta likazuia maji, ziwa likajaa. Hakuna aliyekata utepe. Hakuna aliyetoa hotuba.

Chini ya mlima aliishi mama mmoja, mlinzi wa mfereji ulioleta maji ya ziwa mashambani. Asubuhi moja mto utokao ziwani ulifurika ghafla, ukameza maharage yake. Ilipofika saa nane, mfereji ulikuwa mkavu. Mazao ya kijiji kizima yasingemaliza wiki. Mama akapanda mlimani. Alikuta tuta limebomoka katikati, ziwa limebaki dimbwi, na alama za kwato za punda kila mahali.

Aliporudi, kijiji kilikuwa kwenye ibada ya toba, mbele ya mnara mpya wa mawe aliojijengea mwenyekiti wa kijiji. Juu yake lilikuwapo bamba lenye jina lake, na chini ya jina: ZIWA LETU, MATUNDA YA UONGOZI WAKE.

"Kuna watu humu wamemkasirisha Mungu," mwenyekiti alikuwa akisema kwenye kipaza sauti, leso jichoni.

"Ni hawa wasichana wanaovaa suruali!" mzee mmoja akadakia.

Mama akaupapasa mnara. "Mwenyekiti, mawe haya umeyatoa wapi?"

"Mtoni, mama. Mto una mawe tele."

"Ya mtoni ni ya mviringo, hayakai moja juu ya jingine. Haya yana kona. Na tazama mikwaruzo hii, yote imelala upande mmoja. Maji hayakwaruzi hivi. Hii ni kazi ya barafu."

"Mama, umekuja kutubu au kukagua ujenzi?"

Watu wakacheka. Wakacheka! Mashamba yanakauka, nao wanacheka kwa kuwa kiongozi katania.

Na sisi je? Mara ngapi tumefunga na kusali ili Mungu aturudishie kitu tulichokibomoa kwa mikono yetu? Tunakodi vipaza sauti, tunatafuta wasichana wa kulaumu, na mgongo tumeuegemeza kwenye jiwe lenyewe. Usiniambie unatubu kama hutaki kusema ulifanya nini. Hizo ni kelele, na Mungu si kiziwi.

Yule mama hakucheka. Alimshika mwenyekiti mkono, akauweka juu ya mikwaruzo ile, akangoja. Kicheko kikaisha. Mtu akakohoa. Mwenyekiti akalitazama jina lake kwenye bamba, akazima kipaza sauti. Kisha akakiwasha tena.

"Ni mimi," akasema. "Tuta nimelibomoa mimi. Safari arobaini za punda."