Wigo wa Mama Vidoa

"Nianze?"

"Anza!"

"Nikatize?"

"Usikatize!"

Hapo zamani, zamani sana, Kanga mmoja aitwaye Mama Vidoa alitaga mayai kwenye uwanja wa mawe, wa mviringo. Jirani yake alikuwa Kicheche, na Kicheche alipenda mayai kupita kiasi.

Mama Vidoa akasema, "Nitasuka wigo wa matete, niyazungushie mayai yangu. Sasa niusuke urefu gani?"

Kicheche akadakia, "Rahisi, shemeji! Pima upana wa uwanja, ukipita katikati kabisa. Suka wigo wa urefu huo mara tatu."

Akapima, akasuka, akauzungusha. Ncha mbili hazikukutana. Pakabaki pengo.

"Pengo?" Kicheche akacheka. "Huo ni mlango, shemeji!"

Mama Vidoa akaenda kutafuta mchwa. Kurudi, akakuta maganda matupu.

Akalia, akalia. Kicheche akaja kumpa pole, midomo inanata ute wa yai. "Uwanja ulikuwa mdogo. Panua."

Akataga tena. Akasuka wigo mpana zaidi, mara tatu vilevile. Pengo nalo likapanuka! Mayai yakaliwa.

"Basi punguza, shemeji."

Akataga tena, akasuka mdogo. Pengo likapungua, lakini Kicheche akabana tumbo, akapenya. Mayai yakaliwa.

Mama Vidoa akakaa chini, hana hata machozi. Mara akashtuka. "Mlango wa nini? Mimi si nina mabawa?"

Hasira ikamshika. Akakata unyasi sawasawa na pengo, akaulaza kwenye upana wa uwanja, akausogeza, akausogeza. Ukaenea mara saba. Akauendea wigo mpana, akapima pengo lake: mara saba. Akauendea ule wa kwanza: mara saba!

"Kumbe! Duara halizungukwi kwa mara tatu tu. Ni mara tatu na kipande, na kipande chenyewe ni upana ukigawanywa kwa saba. Liwe dogo, liwe kubwa!"

Akataga tena. Akasuka mara tatu, akaongeza kipande. Ncha zikakutana, zikapandana kidogo tu, unene wa unyoya.

Kicheche akaja mbio, pua ikagonga matete. Akazunguka, akazunguka.

"Shemeji! Mlango uko wapi?"

"Huku juu!" akajibu Mama Vidoa, akaruka, akatua juu ya mayai yake.

Kicheche akaondoka na njaa. Vifaranga wakaanguliwa wote, wakapiga kelele hadi mama yao akaziba masikio.

Basi, wanangu, anayekupa kipimo mtazame anachokitaka, kisha pima mwenyewe.

Nimeitoa kinywani, nimeiweka masikioni mwenu. Aliyeipenda aondoke nayo.