Miguu ya Dume

"Mrusha jiwe hutazama miguu."

Methali hiyo mmeisikia asubuhi kwa kocha wenu, na mmoja wenu ameshaapa kwamba ilitoka kwa wawindaji wa kale. Wawindaji gani! Ilizaliwa Korogwe, kwenye kibanda cha gemu cha Bi Havijawa. Kaeni vizuri niwape chanzo chake.

Jirani na kibanda hicho palikuwa na saluni ya Mwantumu, msusi hodari mwenye maneno mengi. Akifunga kazi alikwenda kucheza gemu ya mapigano. Kati ya wapiganaji wote wa gemu ile alimpenda mmoja tu, kikongwe mwenye fimbo, aliyepigana kwa kurusha mawe kutoka mbali. Watu walimwita Bibi Kombeo. Wengi walimkwepa, maana akisharusha, mkono wake hukawia kurudi, na adui akiliruka jiwe wakati huo humwangukia kichwani. Mwantumu alimpenda hivyo hivyo. Alisema ndiye mwanamke pekee mle ndani ya gemu aliyevaa nguo kamili.

Pale kibandani kila mpiganaji alikuwa na mwenyewe, na siku ya mashindano ya Jumapili hakuguswa na mtu mwingine. Lakini ukishindwa naye Jumapili tatu mfululizo, ulinyang'anywa akapewa mwingine, wala hukumchezea tena. Mwantumu alikuwa ameshindwa mbili. Zote alipigwa na Shemboza, fundi pikipiki, aliyemchezea Dume, pandikizi la mtu lisilo na mbinu ila kuruka na kuangukia watu.

Kilichomponza zaidi ni watazamaji, ambao walizoea kuhesabu mawe ya Bibi Kombeo kwa sauti. "Moja! Mbili! Tatu!" Mwantumu akisikia hesabu alipandwa na mori, akarusha bila kupumzika, macho yakilisindikiza kila jiwe. "Nenda, mwanangu, nenda!" Jiwe lilikwenda kweli. Dume aliliruka, akatua juu ya kikongwe wa watu.

Jumamosi Bi Havijawa akaja kusukwa. Mwantumu akamsuka kimya, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Una nini wewe leo?"

"Kesho nanyang'anywa Bibi Kombeo wangu, Bi Havijawa. Nimefanya mazoezi wiki nzima. Mawe yanakwenda vizuri kabisa, na bado napigwa. Yaani naumia!"

Bi Havijawa akamtazama kwenye kioo. "Mbona ukinisuka huangalii vidole vyako?"

"Vidole vinajua kazi yao. Nakuangalia wewe usoni. Ukikunja uso najua nimevuta sana, nalegeza."

"Na kwenye gemu unaangalia nini?"

Mwantumu akaanza kucheka, akacheka hadi chanuo likamdondoka. "Naangalia jiwe! Maskini mimi, naangalia jiwe langu tu!"

Jumapili kibanda kikafurika, na Mwantumu akapangwa tena na Shemboza. Mshindi ni wa raundi mbili kati ya tatu. Raundi ya kwanza watu wakahesabu, mori ukampanda, akasahau yote, akapigwa. Ilibaki raundi moja tu apoteze, na Bibi Kombeo angekuwa wa mtu mwingine.

Raundi ya pili akarusha jiwe moja, akaliacha liende zake. Macho akayatuliza kwenye miguu ya Dume.

"Moja!" watu wakapiga kelele, wakangoja. "Rusha basi!"

Hakurusha. Akaona magoti ya Dume yakikunjika kidogo, kama ya mtu anayetaka kuruka mtaro. Dume akaruka, na alipokuwa akishuka akakutana na fimbo ya Bibi Kombeo. Puu! Akiona magoti yametulia, alirusha. Akiona yanakunjika, aliinua fimbo. Raundi ikawa yake, na ya tatu pia. Bi Havijawa akapiga vigelegele mpaka kilemba kikamfunguka, na Mwantumu akamkumbatia kila aliyekuwa karibu naye.

Shemboza akabaki ameshika pedi ya kuchezea gemu. "Dada Mwantumu, mawe ni yale yale, na leo umeyapunguza. Umenifanyaje?"

"Sikuyatazama, kaka yangu. Nilitazama miguu. Hayo magoti ya Dume wako ni wambea! Kila unalotaka kufanya yananiambia kwanza."

Shemboza alikuwa mtu wa kukubali. Akacheka sana, akamshika mkono msusi, akauinua juu. "Jamani, sikieni nilichofundishwa kwa fimbo! Mrusha jiwe hutazama miguu!"

Kutoka hapo neno likatembea. Walimu wakaambiana, wauza nguo mnadani wakaambiana, likafika hadi kwa kocha wenu. Naye leo amewaona mkipiga pasi nzuri, mkisimama kuzishangilia, wakati mwenzenu wa kuzipokea ameshakimbilia upande mwingine. Mpira mmeupiga vizuri, sikatai. Lakini mrusha jiwe, wajukuu zangu, hutazama miguu.