Zipu ya Gauni la Marehemu

Hapo zamani, na msinikodolee macho, zamani hiyo ilishakuwa na soda na chupa zake, palikuwa na fundi aitwaye Mtoro, mwenye pipa la kuchemshia taka. Ukimpelekea chupa za plastiki na nguo kuukuu za poliesta, anazichanganya, anatia dawa yake, anachemsha mpaka zote ziwe uji. Pamba iliyochanganyika kwenye nguo inabaki chini, makapi. Uji ukipoa anapata chenga nyeupe pee, na chenga hizo anaziyeyusha na kuzivuta ziwe uzi mpya.

Sheria ya pale ilikuwa moja: kilichotundikwa kwenye ua wa Mtoro ni cha pipa. Mji mzima ulijua.

Chausiku naye alijua. Lakini harusi yake ilikuwa imekaribia, na gauni la poliesta aliloolewa nalo marehemu mama yake lilikuwa limejikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Umeme hakuna. Akawaza, mvuke wa pipa si utalinyoosha? Akalitundika uani, akaenda zake kusukwa. Akili hizo!

Aliporudi, Mtoro alimpokea kwa tabasamu. "Dada, ahsante kwa mchango. Zipu haiyeyuki, nimekubandulia." Akamwekea mkononi.

Chausiku alilia mpaka nywele mpya zikafumuka. Hakuwa na picha ya mama, hakuwa hata na kanga yake. Gauni ndilo lililobaki.

Mtoro akaona haya. Akavuta uzi wa pipa lile, akafuma, akashona gauni. Uzi ulitosha moja tu. Likapendeza, jamani! Na balaa likaanza.

"Nipe gauni langu," akasema Chausiku. "Mama yangu yumo humo."

"Yumo wapi?" akadakia Bi Nyamizi, mwokota chupa. "Pipa lote lilikuwa chupa zangu na jezi nilizofukua jalalani, mbwa wakinibwekea. Lako kipande tu. Nami naolewa, mwanangu. Waume watatu wote nimeolewa nao nimevaa kanga. Huyu wa nne nataka anione na gauni jeupe, kabla naye hajafa."

Mtoro akakohoa. "Bi mkubwa, dada, samahanini. Wakubwa wa mji wanakuja kunifungia, wanasema nachemsha uchawi. Nisipowaonyesha gauni hili, pipa linatupwa, na taka zenu mtazila. Bila dawa yangu mngekuwa na nini?"

"Bila dawa yako ningekuwa na gauni!" akafoka Chausiku. "Basi chambua, cha mama kando, chupa kando."

"Hakichambuliki, dada. Vyote vimekuwa kitu kimoja."

Bi Nyamizi hakungoja. Alishalivaa. Lilimkaa, ila mgongo ulikuwa wazi, maana Mtoro hakuwa na zipu. Wote wakamgeukia Chausiku.

Zipu ya mama ilikuwa kiganjani mwake, imelowa jasho. Akautazama mgongo ule mkavu wenye makovu ya kubeba viroba. Bibi wa watu amebana pumzi, anachekacheka kama mwari. Chausiku akamhurumia. Akamchukia pia, kwelikweli, na mlangoni wakubwa wa mji walishaanza kubisha hodi.

Haya, nyie mliokuwa mnanikodolea macho pale mwanzo, semeni sasa. Gauni lile alistahili nani? Na Chausiku, zipu aitoe, au aifumbate aondoke nayo?