Bi Kimya Aliyewika Usiku

Kokoikooo!

Mmesikia? Nanyi mmesikia, si mimi peke yangu? Jogoo kawika na ugali bado uko jikoni! Sogeeni karibu na moto, nipeni huyo mtoto nimpakate, na mlango utiwe komeo. Haya. Bibi yangu akisikia jogoo wa saa mbaya alikuwa hashtuki, anacheka tu, anasogeza kuni, anatuita wajukuu saba kwenye mkeka mmoja unaonuka moshi, na miguu yetu yote chini ya kanga yake moja. Ningepewa usiku mmoja tu wa kurudi kwenye mkeka ule! Basi nitawapa ngano kama alivyonipa yeye. Itikieni kwa nguvu, nami nipate moyo.

Ngano, ngano!

— Na ije!

Ije imebeba nini?

— Kapu la mayai!

Na likidondoka?

— Tutaokota mazima!

Hapo kale, kuku walipokuwa wakisema na watu wakiwajibu, alikuwepo mwanamke kijana jina lake Mwanamkasi. Mwoga huyo! Akisikia panya, yuko juu ya kinu. Akisikia radi, yuko chini ya kitanda. Akisikia anaitwa jina lake, anauliza, "Nimefanya nini?"

Alipoolewa, bibi yake alimpa kuku mwenye vifaranga sita akamwambia, "Mjukuu wangu, kifaranga ni mtu mwenye siri. Tazama kichwani, usiseme. Tazama miguuni, usiseme. Tazama shingoni, ndipo useme. Na jogoo akikujia kwa vita, usimpige, usimkimbie. Mbebe."

Mwanamkasi akaitikia ndiyo bibi, ndiyo bibi, huku analia machozi ya kuagana, na maneno yakamwingia sikioni yakalala huko huko.

Vifaranga wakakua. Wa kwanza akaota upanga mwekundu kichwani, akawika. Wageni wakaja, akaliwa. Wa pili akaota upanga mwekundu, akawika. Wageni wakaja, akaliwa. Wa tatu akaota upanga mwekundu, akawika, mnajua wenyewe. Wakabaki watatu wenye vichwa vidogo na miguu iliyojaa matope, wamenyamaza. Mwanamkasi akatazama kichwani, akatazama miguuni, akasema, "Hawa ni matetea." Shingoni hakutazama. Na yule aliyenyamaza kuliko wenzake akamwita Bi Kimya.

Siku zikapita, Mwanamkasi akajifungua mtoto wa kiume. Alilala naye jikoni, kwenye joto la mafiga, na kuku juu ya kichaga chao pembeni, maana watu wa zamani waliishi hivyo. Mumewe alikuwa msituni kurina asali.

Usiku mmoja, giza zito, kokoikooo! Mara ya kwanza. Kokoikooo! Mara ya pili. Kokoikooo! Mara ya tatu. Mwanamkasi akaruka na mtoto mkononi, akainua kijinga cha moto, na juu ya kichaga akamwona nani kanyoosha shingo? Bi Kimya!

Mama mkwe wake, Bi Semeni, akaingia mbio na kanga imefungwa upande.

"Nani kawika?"

"Mama, kawika… kawika tetea."

Ulimi, jamani! Ulimi wa mwoga hutoka kabla ya mwenyewe.

Maana mji ule ulikuwa na mwiko wake: tetea akiwika usiku, achinjwe kabla umande haujakauka, na aliyemleta nyumbani arudi kwao peke yake, mtoto abaki, mkosi usimfuate.

"Peke yangu, mama? Na bado ananyonya!"

"Mwanangu, mwiko sikuuweka mimi. Nami nalia kama wewe."

Asubuhi watu wakajaa uani. Akaja Mzee Semhando, baba mkubwa wa mumewe, kisu mkononi. "Mtoeni nje huyo mwenye mkosi!"

Akatoka Bi Kimya. Lakini huyo hakuwa Bi Kimya wa jana! Manyoya yamesimama, mbawa zinafagia chini.

Mzee Semhando akampiga teke. Bi Kimya akaruka, akamparua goti. Jirani mmoja, Mbelwa, akakimbia. Bi Kimya akamfuata mpaka jirani akawa juu ya paa la banda la mbuzi.

"Shuka, mwanamume wee!" mkewe akamcheka. "Jana ulisema umemwua chui!"

"Chui hakunitazama hivi!"

Wengine wakarusha mawe. Wapi! Kila jiwe lilimwongezea ukali.

Mzee Semhando, ameshika goti, akanung'unika, "Tetea gani anapigana namna hii?"

Neno hilo likamwingia Mwanamkasi sikioni, likayakuta yale ya bibi yake yamelala, likayaamsha. Tazama shingoni! Alikuwa hajatazama. Lakini nani atamsogelea? Akageuka kulia, watu wamerudi nyuma. Akageuka kushoto, watu wamerudi nyuma. Akamtazama mwanawe mikononi mwa Bi Semeni, akaona leo ndiyo mara ya mwisho, au aende.

Akaenda. Hatua ya kwanza, hatua ya pili, anaenda. Bi Kimya akamrukia. Mwanamkasi hakupiga. Hakukimbia. Akainama, akazibana zile mbawa, akamtia kwapani, akamwinamisha kichwa taratibu kwa kiganja, akaanza kutembea naye uani kama mtu anayebembeleza mtoto.

Mzunguko wa kwanza, anarusha mateke. Mzunguko wa pili, anahema tu. Mzunguko wa tatu, ametulia, na kutoka kwapani sauti ndogo ikanong'ona:

"Mama, ndugu yangu wa kwanza aliwika, akaliwa. Wa pili aliwika, akaliwa. Wa tatu aliwika, akaliwa. Nikaona kuitwa Bi si aibu."

"Sasa usiku uliwika ya nini?"

"Nyoka alikuwa anamwendea mtoto. Alipokusikia umeamka akajificha. Yuko nyuma ya mtungi."

Mwanamkasi akasimama katikati ya uwanja. Akaokota unyoya wa tetea uliodondoka chini, akafunua manyoya ya shingo ya huyo aliye kwapani.

"Mama, njoo utazame. Unyoya wa tetea ncha yake ni mviringo kama kijiko. Huu una ncha kali kama mkuki, tena unang'aa. Na huku karibu na mkia, mikuki mitupu. Huyu ni jogoo! Nilikosea mimi. Jogoo kuwika si mwiko."

Bi Semeni akapapasa shingoni, akapapasa mkiani, akapiga kigelegele. "Jogoo!"

"Jogoo sawa," akasema Mzee Semhando, "lakini goti langu je? Leo nitakula mchuzi."

"Baba, kabla ya mchuzi, ondoeni mtungi jikoni."

Wakaondoa mtungi. Nyoka huyo, mweusi, mnene kama mkono! Fimbo zikafanya kazi yake. Bi Semeni akaketi palepale mavumbini, akamrudishia Mwanamkasi mwanawe kwa mikono miwili, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa namwondoa mama yake mtoto kwa sababu ya aliyemwokoa mtoto."

Mzee Semhando akaficha kisu nyuma. "Kisu hiki? Nilikuja kukata muwa."

Jioni watu wakamwimbia jogoo nyimbo za ushujaa. Walipotawanyika, jogoo akamsogelea Mwanamkasi.

"Mama, wananiita shujaa. Mimi sikuwika kwa ushujaa. Niliogopa mpaka sauti ikanitoka."

"Baba, na mimi nilipokubeba mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa hofu."

"Usimwambie mtu."

"Nawe usimwambie mtu."

Jogoo yule akazeeka nyumbani humo, na mpaka uzeeni ukimwita Bi Kimya, anaitika.

Ngano yangu imepanda kichagani, imekunja mguu mmoja. Atakayeishtua, imdonoe.

Bibi akifika hapa alikuwa anatufunza, nami nawafunza: usimpe mtu jina kabla hujamtazama shingoni. Jogoo mkali ukimpiga humpunguzii ukali, unamwongezea; mbebe utembee naye. Na woga si dhambi, mradi ukikushika usimwache mtoto.

Mnacheka? Mnauliza siri ya wawili nimeijuaje? Mwanamkasi alimwambia mjukuu wake mmoja tu, akamwapisha. Huyo akamwambia wake mmoja tu, akamwapisha, hata ikafika kwa bibi yangu, naye akaniapisha mimi kwenye mkeka ule unaonuka moshi, na wenzangu sita wamelala, au mimi nilidhani wamelala. Kwa hiyo jogoo akiwika tena usiku huu namwinua mwanangu kwanza, natazama nyuma ya mtungi, ndipo nitetemeke nikitaka. Na mkiniona natetemeka, neno hilo liacheni hapa hapa motoni. Apeni! Nami naapa, Bibi, popote ulipo: ni hawa tu. Simwambii mtu mwingine.