Mbio za Mbodze kwenda Mchanga Chini

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitika kama watu waliolala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Ngano ya leo haichekeshi. Anayetaka kucheka asubiri ya kesho.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na mwanamke aitwaye Mbodze. Aliishi juu ya mlima wa Kirindo, na kazi yake ilikuwa kukimbia. Mtu akifa, Mbodze hukimbia kuwaambia jamaa zake. Mtu akioa, Mbodze hukimbia kuwaalika wakwe. Alikimbia akiwa msichana, akakimbia akiwa mama, akakimbia mpaka magoti yakamchakaa. Goti la kulia ndilo lililokuwa baya zaidi. Asubuhi lilikuwa limevimba kama kibuyu, na alipoinuka lilialika, ka, ka, ka, kama kuni kavu.

Mganga wa mifupa alikuwa amemwambia, “Pumzika, Mbodze. Ukilikimbiza goti hili mara moja zaidi, halitakunjika tena.”

Mbodze akapumzika siku nane. Siku nane hizo alikaa mlangoni akilitazama goti lake kwa hasira, kama mtu anayemtazama mke mwenza.

Sasa sikilizeni vizuri. Miaka miwili kabla ya hapo, mawe yaliporomoka kule mlimani yakauziba mto. Juu ya mawe pakawa na ziwa. Chini ya mawe mto ukakauka kabisa, ukabaki mchanga mtupu. Watu wa bondeni wakakosa maji. Ikawabidi washuke ndani ya mto wenyewe, wachimbe visima mchangani, wajenge vibanda vyao humo humo. Kukawa na vijiji viwili ndani ya mto: Mchanga Juu na Mchanga Chini. Nyevu, binti pekee wa Mbodze, alikuwa ameolewa Mchanga Juu.

Alfajiri ya siku ya tisa, mvua ikiwa imenyesha mlimani siku tatu mfululizo, pimbi akaja mbio kutoka kwenye mawe. Manyoya yake yalikuwa yanachuruzika maji.

“Mawe yanalia!” akasema pimbi. “Mawe yanalia, maji yanapenya! Nimeishi humo tangu kuzaliwa, sijawahi kuyasikia yakilia hivyo. Nimewatoa watoto wangu. Nanyi watoeni wenu.”

Mzee Lugogo, mkuu wa Kirindo, akawaita watu. Lakini watu gani? Vijana wote walikuwa mbali na mifugo wakitafuta malisho. Walibaki wazee, wajawazito, na Mbodze mlangoni pake. Kirindo ilikuwa juu ya ziwa, wao hawakuwa na hofu. Hofu ilikuwa kwa wale walio mchangani.

Mzee Lugogo akaja akasimama mbele ya Mbodze, akashindwa kusema.

“Usiseme, baba,” akasema Mbodze. “Nakwenda.”

“Goti lako, mwanangu?”

“Goti ni langu. Na kule kuna mtoto wangu.”

Akalifunga goti kwa kitambaa, akakaza, akashika fimbo, akaondoka.

Mwanzoni aliweza. Akateremka mlima akiegemea mguu wa kushoto. Kila hatua ya kulia ilikuwa msumari. Akasema moyoni, nikifika kwenye ule mwamba mweusi litapoa. Akafika kwenye mwamba mweusi, halikupoa. Akasema, likipata joto litaacha. Likapata joto, halikuacha.

Alipoingia kwenye nyika akasikia vishindo vyepesi nyuma yake. Alikuwa fisi. Fisi hakuwa na haraka. Alikuwa ameona kiumbe anayechechemea, naye fisi akiona hivyo hufuata tu.

“Mama Mbodze,” akaita, “goti linasemaje?”

“Linasema twende!”

“Basi twende,” akasema fisi. Wakaenda.

Jua likapanda. Mapaja yakawa mazito, vifundo vikawaka moto. Mbodze akaanza kukimbia na kutembea, kukimbia na kutembea.

“Mama Mbodze, goti linasemaje?”

“Linasema twende polepole.”

“Basi twende polepole,” akasema fisi. Wakaenda.

Jua lilikuwa limepita utosini alipofika Mchanga Juu. Nyevu alikuwa ameketi nje ya kibanda, amempakata mtoto wa siku tisa. Mbodze hakuwa amemwona mjukuu huyo. Siku aliyojifungua Nyevu, mama yake alikuwa njiani na habari za msiba wa watu wengine. Hata siku ya harusi yake alikuwa njiani. Nyevu alikuwa hajamsamehe.

Akamtazama mama yake kwa macho makavu. “Leo umeleta ujumbe wa nani?”

“Wangu,” akasema Mbodze, pumzi zikimkata. “Tokeni mtoni. Ziwa linapasuka. Tokeni sasa hivi!”

Nyevu akaona ule mguu. Hakuuliza tena. Akapiga ukelele, watu wakatoka vibandani. Wengine wakaamini, wengine wakabisha. Kuna aliyesema, “Anga ni jeupe, maji yatoke wapi?” Lakini Nyevu alimshika huyu mkono, akamsukuma yule mgongo, mpaka wakaanza kupanda ukingo wakibeba wazee na watoto na vyungu.

“Na Mchanga Chini?” akauliza Mbodze.

Wanaume wachache waliokuwepo walikuwa na wagonjwa mabegani.

“Nitakwenda mimi,” akasema Nyevu. “Miguu yangu mizima. Nikikimbia, chungu hakijachemka nimeshafika. Mshike mtoto, mama.”

Mbodze akamtazama binti yake. Akamtazama mtoto, ambaye kitovu chake kilikuwa ndiyo kwanza kimedondoka. Alijua njia ya Mchanga Chini inapita mtoni mwanzo hadi mwisho, na kuta za mto huko ni ndefu.

“Hapana,” akasema. “Hiyo ni kazi yangu. Panda juu.”

“Mama, huwezi!”

“Nimesema panda juu!”

Akageuka, akakimbia. Kukimbia nakuita kukimbia kwa sababu sina neno lingine. Aliutupa mguu mmoja mbele, akauburuta wa pili. Mchanga ulikuwa laini, ukameza kila hatua. Alilia kwa sauti, maana hapakuwa na mtu wa kumsikia ila fisi.

“Mama Mbodze, goti linasemaje?”

Mbodze alikuwa amefika kwenye mkwaju uliopinda, pale mto unapokata kona. Kutoka pale aliuona moshi wa Mchanga Chini. Alisikia mtwangio wa mtu anayetwanga. Akafungua kinywa apige kelele, koo likatoa upepo tu. Akainua mguu, na goti likafanya ka, mara moja. Akaanguka kifudifudi.

Fisi akaja karibu, akamnusa unyayo. Halafu akasimama. Masikio yake yakageuka kuelekea mlimani.

“Ardhi inanguruma,” akasema fisi, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. “Mama, acha. Wale huwapati.”

Akaruka ukingoni akapotea.

Mbodze akatambaa. Hata sasa alitambaa kuelekea kwenye ule moshi, si ukingoni. Alitambaa mpaka akahisi upepo wa baridi mgongoni, akasikia miti ikivunjika. Hapo mikono yake ikageuka yenyewe. Ikashika mizizi ya mkwaju, ikamvuta juu, mzizi baada ya mzizi, na maji mekundu yakapita chini ya miguu yake na mawe, na magogo, na mapaa ya vibanda vya Mchanga Juu.

Akatazama kule chini. Aliendelea kuuona moshi kwa kitambo kifupi. Kisha hakuuona.

Watu wa Mchanga Juu waliokoka wote, ila mzee mmoja aliyerudi kufuata kiti chake. Waliokuwa Mchanga Chini siku ile walikuwa ishirini na watatu. Hakuna aliyepona.

Goti la Mbodze likakauka, kama mganga alivyosema. Nyevu akamchukua akakaa naye, akimlisha, akimgeuza kitandani. Wakawa hawaongei sana. Watu walimletea maziwa na kumshukuru, naye alipokea bila kuinua macho.

Mwezi wa tatu baada ya maji yale, mchana mmoja, akaja mwanamume mlangoni. Aliitwa Mwachiro. Alikuwa wa Mchanga Chini. Siku ile alikuwa amekwenda mbali kumtafuta ng’ombe aliyepotea. Mkewe na watoto wake wanne walikuwa nyumbani.

“Hodi, mama.”

“Karibu, mwanangu.”

Akaketi chini. “Nimeambiwa ulikuwa unakuja kwetu.”

“Nilikuwa nakuja.”

“Ulifika wapi?”

“Kwenye mkwaju uliopinda. Nilisikia mtu anatwanga.”

Mwachiro akafumba macho. Alijua ni nani hutwanga saa ile. Akauliza, “Hapakuwa na mwingine wa kukimbia? Mwenye miguu?”

Nje, Nyevu alikuwa ameinjika maji ya kulikanda goti la mama yake. Akasikia. Akasimama pale pale na kata ya maji hayo mkononi.

Mbodze angeweza kusema hapakuwa na mtu. Nani angemkanusha?

“Alikuwepo,” akasema. “Binti yangu. Angewahi. Mimi ndiye niliyemkataza.”

“Kwa nini?”

“Ni wangu.”

Mwachiro akainama. Mbodze akangoja, tayari kwa lolote. Angempiga, asingejikinga.

Halafu Mwachiro akainuka, akatoka nje, akayachukua yale maji kutoka mkononi mwa Nyevu bila kumtazama usoni. Akarudi, akapiga magoti kando ya kitanda, akachovya kitambaa, akakikamua, akauweka juu ya lile goti kavu mkono wake mzito wa kuchunga ng’ombe. Akaanza kulikanda. Alilikanda huku analia, na Mbodze naye akalia, na Nyevu akaingia na mtoto akaketi sakafuni karibu nao. Alilikanda mpaka maji yakapoa.

Ngano yangu imeishia hapo. Chocheeni moto, tukae kimya kidogo.