Gitaa la Kumtolea Mwali

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo ameitika kama ana pamba mdomoni? Nimesema paukwa.

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Anayetaka kukohoa akohoe kabisa, nikianza sitaki vishindo.

Hapo zamani za kale, zamani ambayo bibi yangu aliikuta imeshazeeka, palikuwa na kijiji. Jina lake msiniulize. Kijijini hapo aliishi mzee akiitwa Shekidele. Nimeona wazee wengi mimi, na wengi wao umri uliwaongezea mvi tu. Huyu alikuwa mzee kweli.

Dada yake alikuwa na binti, jina lake Sikudhani. Na desturi ya pale ilikuwa hivi. Binti akivunja ungo anawekwa ndani na kungwi wake. Anafundwa, hatazamwi na mwanamume. Hatoki mpaka mjomba wake, kaka wa mama yake, aje uani na chombo cha nyuzi alichokitengeneza kwa mikono yake, apige wimbo mpaka mwisho. Cha kuazima ni matusi. Wimbo ukiisha mlango unafunguliwa, mwali anatoka, anaolewa. Masika yakimkuta ndani, basi, mlango unafungwa mpaka mavuno mengine.

Wajomba wote walitengeneza zeze. Zeze ni kibuyu, mti na uzi. Ukishindwa zeze, kachunge bata.

Lakini Sikudhani alipokuwa mdogo, alipita msafiri na gitaa. Mtoto akalisikia, tonge likamganda mkononi. Akasema, "Mjomba, mimi utanitoa kwa lile."

Mjomba akasema, "Nitakutoa kwa lile."

Alisema mbele ya watu. Na neno la mjomba kwa mwali ni kama mate, likishatemwa halimezwi.

Mtoto akakua, akawekwa ndani. Mchumba akapatikana, kijana wa ng'ambo ya mto. Ndugu zake wakasema mapema, "Tutasubiri mpaka masika haya. Yakimkuta bado yuko ndani, tunatafuta kwingine. Kijana wetu si jiwe la kusagia, akae tu hapo."

Sasa gitaa lenyewe. Shekidele alilishika mara moja tu maishani, siku ile msafiri anakula ugali. Watu wengine walikuwa wanapiga soga. Yeye aliligeuza, akalinusa, akaingiza mkono tunduni akapapasa ndani. Ndicho alichokuwa nacho, kumbukumbu ya vidole.

Akakata mti. Mti mzuri, mbichi. Akapasua ubao mwembamba wa kuwa uso wa gitaa, akauanika juani.

Taaa! Ubao ukapasuka katikati.

"Kumbe," akasema Shekidele. Akakaa chini, akautazama.

Watu wakacheka. Mtani wake Mbaruku, mwamba ngoma wa kijiji, akacheka kuliko wote. "Mtani, umetengeneza vijiko viwili vikubwa."

Shekidele akapapasa ufa. Aliona kwamba mti mbichi una maji, na maji yakitoka mti unajikunja kwa hasira. Akaenda kwa dada yake. Akainua macho kwenye dari, pale juu ya jiko mahindi yanapohifadhiwa, mbao zilizofukizwa moshi tangu mama yao alipokuwa bibi harusi. Akazigonga. Ti, ti, ti.

"Kaka, unataka nini na dari yangu?"

"Ubao."

"Na mahindi nikayaweke wapi, kichwani kwako?"

"Binti ni wako, dada."

Dada akaondoa mahindi. Mbao zikashuka. Na mchi wa mama yao nao ukaondoka, ule mchi uliotwanga mpaka ukakinai kupinda. Huo akauchonga shingo.

Zikaja mbavu. Mbavu za gitaa zimepinda kama kiuno, na ubao haupendi kupinda. Akapinda. Kwacha! Akapinda mwingine. Kwacha!

"Kumbe."

Akakaa chini. Pale karibu wanawake walikuwa wanasuka nyungo, wanaloweka fito kabla ya kuzikunja mduara. Akazitazama zile fito. Naye akaloweka mbao zake, akachemsha maji kwenye chungu, chungu kikawa cha moto, akalaza ubao kwenye tumbo la chungu akiubonyeza taratibu, kama mtu anayembembeleza mlevi arudi nyumbani. Ubao ukapinda. Ukapoa umepinda.

Akataka kuunganisha. Sasa ninyi mngetumia nini? Wanaume wa kijiji kile walijua kitu kimoja kinachonata, ulimbo, utomvu wa kutegea ndege. Shekidele naye akapaka ulimbo. Gitaa likashika vizuri sana, likapendeza. Akaliweka barazani. Jua lilipopanda, ulimbo ukalainika, mbavu zikateleza huku, mgongo ukateleza kule. Kuku wa jirani akaja kudonoa nzi waliokuwa wamenasa. Naye akanasa.

Ko-ko-ko-ko! Kuku anakimbia uani kaburuta nusu ya gitaa.

Mbaruku alicheka mpaka akashika ukuta. "Mtani, gitaa lako linataga?"

"Kumbe," akasema Shekidele, akamfukuza kuku.

Kisha akamgeukia Mbaruku. "Wewe unapowamba ngoma, vipande vya ngozi unavyokata pembeni unavipeleka wapi?"

"Mbwa wanakula."

"Na vikikauka kabla mbwa hawajafika?"

"Vinang'ang'ania chini kama jiwe. Mpaka nivimwagie maji ndiyo vinaachia."

"Niletee."

Akavichemsha. Harufu yake, wanangu, mbuzi walihama. Lakini ilitoka gundi nzito ya rangi ya asali, na ilipokauka hata nyundo iliiogopa. Mbaruku akakwaruza kwa kucha, akatikisa kichwa. "Hii haiachii," akasema. "Isipokuwa kwa maji."

"Nimeona," akasema Shekidele.

Akafunga nyuzi za utumbo wa mbuzi, akazikaza. Uso wa gitaa ukaanza kubonyea ndani, polepole, kama shavu la asiye na meno. "Kumbe." Akaufungua, akaubandikia vijiti kwa ndani viushikilie. Akavijaza. Uso ukasimama imara. Akapiga uzi. Bu. Akapiga tena. Bu. Gitaa lilikuwa imara na bubu, kama mke wa mtu mwenye wivu.

Hapo kila mtu alimwambia basi, limetosha, lina nyuzi, lipige hivyohivyo. Mzee akalifungua tena. Akatoa kijiti, akagonga, akasikiliza. Akapunguza kingine kwa kisu, akagonga, akasikiliza. Hakutoa vyote, lingebonyea. Hakuacha vyote, lingenyamaza. Alikwenda hivyo mpaka ubao ukamjibu. Dong. Mbaruku siku hiyo hakucheka.

Likabaki jambo moja, na mbingu zimeanza kukusanya mawingu. Shingoni mwa gitaa pana vizuizi vidogo, vinaonyesha kidole kikae wapi. Kimoja kikikaa vibaya, wimbo mzima unachechemea. Shekidele hakujua vipimo. Akafunga nyuzi za katani kuizunguka shingo, zinazoweza kusogezwa, akaenda nyuma ya nyumba ya dada yake, ukutani kwa mwali.

Kungwi, Bi Mkunde, akatoka na upawa mkononi. "Mwanamume haongei na mwali."

"Siongei naye, Bi Mkunde. Aimbe tu, nisikilize. Desturi imekataza macho. Masikio imeyataja?"

Bi Mkunde akafikiri. "Haikuyataja."

"Basi."

"Lakini geukia migomba."

Mzee akageukia migomba. Mwali akaimba nyuma ya ukuta, sauti moja moja, kutoka chini kwenda juu. Kila sauti, mzee anasogeza uzi wa katani, anapiga, anasogeza. Ukikubaliana na sauti ya mtoto, anaukaza. Sauti ya mtu ndiyo iliyopima gitaa lile.

Katikati Sikudhani akanyamaza. Kisha akasema, "Bi Mkunde, mwambie mjomba nasikia vyura."

Bi Mkunde akamwambia mzee, "Mwali anasema anasikia vyura."

"Nimemsikia."

"Hukumsikia. Mimi ndiye niliyekuambia."

"Mwambie hata mimi nawasikia. Mwambie aimbe sauti inayofuata."

Akaimba. Ilitetemeka kidogo. Mzee akasubiri mpaka iliponyooka ndipo akakaza uzi wa mwisho.

Siku ya kumtoa mwali, watu wa ng'ambo ya mto walikuwa wamesimama uani na vikapu vyao. Wanawake wanaangalia juu. Shekidele akaja na gitaa kalifunika kwa kaniki. Akalifunua tu, tone likadondoka. Ti. Jingine. Ti. Manyunyu ya masika.

Mbaruku akamsogelea, safari hii bila utani. "Gundi yako ni ngozi. Mvua hii itairudisha uji. Pigia barazani."

"Uani," akasema Bi Mkunde. Alikuwa mlangoni, mkono kwenye kitasa. "Mjomba hupiga uani. Paa likianza kudondosha maji, nafunga. Desturi sikuitunga mimi."

"Subirini kesho," akasema mtu wa ng'ambo.

"Kesho mlango umefungwa," akasema Bi Mkunde.

Shekidele akasimama katikati ya uwanja, akapiga.

Dong, di-ding, dong. Dong, di-ding, dong.

Hakuwa mpigaji, nisiwadanganye. Vidole vilikuwa vigumu kama mizizi. Lakini gitaa liliimba. Liliimba kwa sauti iliyotoka nyuma ya ukuta, na watu waliijua sauti ile, wakaacha kuangalia juu. Nyasi za paa zikawa zinalowa, zinakuwa nyeusi. Mbavu za gitaa zikaanza kuachia. Mzee akazibana kwa kiwiko. Mgongo ukaanza kuachia. Akaubana kwa kifua. Uzi mmoja ukalegea, akauruka. Dong, di-ding. Bi Mkunde anatazama paa. Mzee anatazama vidole vyake. Dong, di-ding, dong.

Wimbo ukaisha.

Bi Mkunde akafungua mlango. Sikudhani akatoka, kajitanda shuka mpya, akakanyaga matope kwa miguu miwili, mvua ikampiga usoni. Nyuma yake paa likaanza kudondosha maji.

Vigelegele vikapigwa. Ndipo mzee akalegeza mikono, na gitaa likafunguka kama ganda la karanga. Uso huku, mgongo kule, mbavu chini. Akabaki kashika mchi wa mama yake.

Mama Sikudhani akaziba mdomo. "Kaka. Kazi yako yote."

"Kazi yake ilikuwa kumtoa mtu ndani," akasema Shekidele. "Mtu yuko wapi?"

Akaokota uso na mgongo, zile mbao mbili za dari, akazipangusa kwa kaniki, akamrudishia dada yake akaweke mahindi.

Ndiyo hivyo. Na msiniambie kwamba Shekidele alikuwa mwerevu kwa sababu hakukosea. Aliharibu vitu vingi kuliko ninyi nyote mliokaa hapa. Lakini kila kosa alilifanya mara moja, zikizidi mbili, akakaa nalo chini mpaka likamwambia lilichokijua. Mjinga naye huharibu, ila yeye huinuka haraka, akatafute wa kumlaumu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeshiba alale, asiyeshiba akatwange.